Mti laini au mti mgumu: upi unaongeza uzito wa msitu?

Ubishi huu hauishi. Chukua vipande viwili vya mbao kavu, kila kimoja mita 1 ya ujazo. Cha balsa, mti wa mbao laini sana, kina kilo 150 hivi. Cha mpingo kinapita 1,000, na ukikitupa majini kinazama kama jiwe. Karibu nusu ya uzito huo mkavu ni kaboni. Hapo mgumu unashinda bila jasho.

Kwa kasi, laini hauna mpinzani. Mti mkubwa ukianguka na jua likapenya, miche ya balsa huchomoka na baada ya miaka michache iko juu ya wenzake. Lakini mbio hizo zina gharama: huishi muda mfupi, upepo huivunja, na shina likilala chini huoza upesi, kaboni ikarudi hewani.

Kinachosahaulika ni ukubwa. Msufi una mbao laini, ila unaweza kufika mita 60. Shina moja la namna hiyo laweza kuzidi mipingo mingi. Ndiyo maana wapimaji wa misitu hutaka kipenyo, urefu na msongamano wa mbao (uzito wake kwa kila mita ya ujazo) kwa pamoja. Msongamano huo hutegemea aina ya mti, hivyo ukikosea jina lake, hesabu yote inayumba.

Kama ardhi yako imefyekwa na inahitaji kivuli upesi, anza na laini, kisha panda migumu chini yake. Kama unalenga kaboni ya kukaa karne nzima, migumu ndiyo ya kusubiri. Na kama msitu mkongwe tayari upo, usiufyeke ili upande chochote.