Kalenda ya muziki: kazi nzuri, ila Afrika haimo

Mimi hupiga zilipendwa kila Jumapili kwenye baa moja hapa Morogoro, na kalenda hii ya mezani niliinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Kila siku ina ukurasa wake unaoeleza mambo yaliyotokea tarehe hiyo katika muziki wa dunia.

Karatasi yake ni nzito, wino hautoki hata ukiishika kwa mkono wenye jasho. Maelezo ni mafupi lakini yameshiba. Chukua 17 Aprili. Kuna kifo cha Eddie Cochran, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani, 1960: teksi aliyopanda na mwimbaji mwenzake Gene Vincent ilipata ajali karibu na Chippenham, Uingereza, usiku wa tarehe 16, naye akafia hospitali mjini Bath akiwa na miaka 21 tu. Yupo Johnny Cash akimwimbia Rais Nixon Ikulu ya Marekani, 1970. Kisha kifo cha Linda McCartney, mke wa Paul McCartney wa Beatles, 1998.

Sasa, tarehe hiyohiyo mwaka 1980, Bob Marley alikuwa Uwanja wa Rufaro, Salisbury (Harare ya leo), usiku wa kuamkia uhuru wa Zimbabwe. Watu waliofungiwa nje walilazimisha kuingia, polisi wakapiga mabomu ya machozi, moshi ukafika mpaka jukwaani. Wanamuziki wakakimbia, kisha wakarudi wakapiga. Usiku ule bendera ya Uingereza ilishuka. Huo unaachwaje?

Na 17 Aprili 2013 ndiyo siku aliyofariki Bi Kidude, Zanzibar. Fatuma binti Baraka, mrithi wa nyimbo za Siti binti Saad, mpiga ngoma za unyago, mshindi wa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005. Hana hata mstari, na nusu ya ukurasa ni picha ya gitaa! Kwangu nikishatamka jina lake kwenye maiki, akina mama wa meza za nyuma huwa wameshasimama kabla wimbo haujaanza.

Kilichoniuma zaidi ni 12 Januari. Wameandika jinsi Berry Gordy alivyoanzisha Tamla, lebo iliyokuja kuwa Motown, kule Detroit mwaka 1959 kwa dola 800 za mkopo wa familia. Sawa, Motown naipenda na naipiga. Lakini ndiyo siku aliyotutoka Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wetu wa Morogoro, 1979, kwa ajali ya gari upande wa Mombasa. Mtu wa Morogoro ataikubali vipi? Tarehe 12 Oktoba nayo haimtaji Franco, mwanamuziki wa Kongo aliyefia Ubelgiji mwaka 1989.

Hata hivyo, kama wewe ni DJ au mtangazaji, inunue. Shilingi 35,000 nilizolipa zimerudi, maana sikosi la kusema kabla ya wimbo. Ila uwe na kalamu ya wino wa kukauka haraka ujazie ya kwetu. Ile ya kawaida inateleza kwenye karatasi yao. Na wachapishaji, mwakani wekeni Kinshasa, Zanzibar na Morogoro humo.