M-185, kisiwa cha Mackinac: barabara kuu ambayo gari hairuhusiwi (nyota 4 na nusu)

Watu huwa wanatoa maoni ya hoteli na mahali pa kula, mimi leo naisema barabara, maana hiyo barabara ndio ilotutoa Grand Rapids, jimbo la Michigan huku Marekani, alfajiri na watoto wawili na dumu la chai, tukaendesha kuelekea kaskazini kwa muda wa saa tatu na nusu hivi mpaka Mackinaw City, tukaegesha, tukapanda feri. Dakika kama ishirini majini mko kisiwani. Halafu jina limeandikwa Mackinac lakini ukilisoma hivyo wenyeji wanakuangalia tu, wao wanatamka "Makino".

Basi M-185 ni barabara kuu ya jimbo la Michigan kabisa, ina namba, ina vibao vya maili, inazunguka kisiwa chote pembezoni mwa Ziwa Huron, maili 8 na kidogo, kama kilomita 13 hivi, na juu yake ni miguu, baiskeli na farasi. Basi. Gari ni ambulensi na zimamoto na kama hizo za dharura. Na hili ndilo jimbo la Detroit jamani, waliouzia dunia nzima magari!

Kisa ni kwamba 1898, magari yalipoanza kuingia, farasi wakawa wanashtuka, wenye magari ya farasi wakalalamika, kijiji kikapiga marufuku, na 1901 upande wa hifadhi ya jimbo iliyo kisiwani nao wakafuata. Barabara yenyewe wakaimalizia miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1900. Sasa kichekesho, 1933 jimbo likaiingiza kwenye orodha ya barabara zake kuu, marufuku ikiwa palepale. Ajali ya kwanza ya gari kuripotiwa hapo ilikuwa 2005, na hata hiyo ni gari la zimamoto lilikwaruza mlango wa ambulensi iloegeshwa. Kwetu hiyo si hata ajali, mnashuka mnaangaliana mnaendelea.

Mimi bibi yangu ni mtu wa Amu, yaani Lamu, kwa hivyo mji bila gari haunishangazi, nimekulia likizo zangu nikijibana ukutani punda apite na mawe ya kujengea. Lakini Amu ni vichochoro. Hapa ni lami, mstari wa katikati, kibao cha namba kama cha barabara yoyote ya Michigan, halafu kimya. Unasikia cheni ya baiskeli yako na maji yakipiga mawe, na kwato kwa mbali. Mwanangu mdogo aliuliza "baba, magari yote yameenda wapi?" nikakosa jibu la haraka.

Sasa kero, na hapo ndipo ilipokwenda ile nusu nyota. Baiskeli tulikodi duka moja karibu na gati, silitaji, bei yake ya maana, yangu ikanipa shida toka mwanzo, gia inaruka yenyewe. Tulianza kwa upande wa mashariki, na huko ni raha tupu, upande wa kushoto jabali, kulia maji ya kijani yako pale pale, hatua mbili umelowa. Baada ya maili moja na kitu unaiona Arch Rock, jiwe lilotobolewa na maji na upepo likawa kama mlango hewani, na ngazi zaidi ya 200 kulifikia. Mama watoto alipanda. Mie nilichunga baiskeli, kuna mtu lazima achunge baiskeli.

Cheni ilitoka kabisa tulipokaribia British Landing, nusu ya mzunguko hivi, yaani ukitembea mbele au ukirudi nyuma ni mamoja. Hapo ndipo Waingereza walishuka usiku Julai 1812, wakaburuta mzinga mpaka kilimani nyuma ya ngome, na Wamarekani ndani hata habari ya vita kutangazwa hawajapata, kukipambazuka wamesalimu amri bila kupigana. Mimi nilipiga magoti pale pale na kijiti nikipigana na cheni, vidole vyeusi tii, nikaenda kunawa ziwani, mwezi wa saba ule lakini maji baridi nusra nipige ukelele. Grisi haikutoka.

Upande wa magharibi jiandae na upepo, siku yetu ulikuwa wa uso moja kwa moja. Huko huko utaona mawe mapya makubwa yamepangwa ukingoni, maana 2019 na 2020 ziwa lilijaa mno likala barabara, vipande vikafungwa na kukarabatiwa.

Ukirudi mjini polepole, farasi ni wengi, na mavi yao vile vile, kuna watu kazi yao ni kuzoa, na wanazoa kweli, ila mvua ikinyesha kwanza, shauri yako. Faji (fudge, peremende laini ya sukari na maziwa) waliyonayo kila duka ni tamu, wenyewe wanaisifu sana, kwangu ni halua iliyosahaulika hiliki. Na usiwaulize habari ya msafara: Rais Ford alipokuja 1975 alipanda gari la farasi kama kila mtu, 2019 makamu wa rais Pence akaja na magari nane, watu wakachukia mpaka leo.

Kwa mwenye watoto, beba maji na chakula chako, vaa koti hata kiangazi, uliza saa ya feri ya mwisho kabla hujaanza kuzunguka, na baiskeli ijaribu gia zote mbele ya mwenye duka kabla hujalipa. Mimi nilipoirudisha kijana aliangalia mikono yangu, akaangalia cheni, akaniambia eti "hiyo huwa inafanya hivyo".