Shahada ya Fasihi ya Kigiriki na Kilatini kwa Masafa: Tathmini Kutoka Iringa

Nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya fasihi ya Kigiriki na Kilatini cha kale katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza kinachofundisha kwa masafa, nikisoma nikiwa Iringa mjini huku nikiendelea kufundisha Kiswahili sekondari. Kwa wanaoniuliza kama masomo haya yanamfaa mtu wa kwetu, jibu langu ni kwamba yanamfaa sana, mradi achague mkondo unaofundisha lugha zenyewe, si ule unaoishia kwenye tafsiri za Kiingereza.

Hilo nililiona katika maneno ya kwanza ya utenzi wa Kilatini wa mshairi Virgil, Aeneis: Arma virumque cano, yaani "naimba silaha na mtu". Neno cano peke yake ni "naimba", mtendaji na wakati vikiwa ndani ya kitenzi kimoja, jambo lililowasumbua wenzangu Waingereza ilhali mimi nimekua nalo. Kivumishi nacho hufuata nomino yake kwa jinsia na idadi, na aliyezoea "kiti kizuri, viti vizuri" hapati shida kuelewa sababu. Kinachotutoa jasho ni miisho ya nomino, ambayo hubadilika katika hali sita kulingana na kazi ya neno katika sentensi. Hiyo nimeikariri kila alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Kigiriki ni kigumu zaidi, hasa vitenzi, lakini ndicho kilichonilipa. Iliad, utenzi wa Kigiriki wa Homer, huanza na neno menin, yaani ghadhabu, na mishororo yake haina vina wala haihesabu mizani kama utenzi wetu wenye mizani 8 kila kipande, bali hupima silabi ndefu na fupi katika mapigo sita. Nilimsomea mama mishororo kumi kwa sauti, naye, asiyejua hata neno moja, akasema: "Mwanangu, hayo ni ya kuimbwa."

Vipindi vya jioni huanza saa moja kwao, ambayo wakati wa baridi yao ni saa nne usiku kwetu, na umeme ukikatika kipindi kimekupita. Vitabu ni ghali, ingawa maktaba ya mtandaoni ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, hutoa matini na kamusi bure.

Lililoniuma zaidi ni kwamba, kwa upande wa Afrika, masomo yaliishia Misri. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, kinaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, pamoja na soko la Rhapta, jina ambalo mwandishi analihusisha na mashua zilizoshonwa kwa kamba, mithili ya mitepe yetu. Hakikuwamo katika somo lolote. Niliandika barua tatu ndipo nikaruhusiwa kukifanyia insha, na mhadhiri aliisahihisha kwa makini kuliko kazi zangu zote. Anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa ada kama ataruhusiwa kujichagulia mada.