Albamu za Nat King Cole: ipi ununue kwanza, ipi baadaye, ipi uiache dukani

Anayetaka kununua muziki wa Nat King Cole leo hasumbuliwi na uhaba, anasumbuliwa na wingi. Andika jina lake kwenye duka lolote la mtandaoni utaletewa mikusanyo isiyo na idadi, picha ileile ya tabasamu na nyimbo zilezile: "Unforgettable", "Mona Lisa", "Nature Boy", "Too Young". Ushauri wangu ni kwamba usianzie huko. Nunua albamu nzima, kama yeye na wenzake walivyoipanga. Nyimbo nyingi alizoimba hakuzitunga yeye. Zilikuwa zilipendwa za Marekani ambazo karibu kila mwimbaji wa enzi ile alizipitia. Kilichozifanya ziwe zake ni nani alikuwa naye studio siku ile, nani alipanga ala, na yeye mwenyewe alikuwa anapitia nini. Mambo hayo hupotea kabisa kwenye mkusanyo wa nyimbo 40 zilizochanganywa ovyo.

Kabla ya kutoa pesa, weka akilini kwamba huyu alikuwa mpiga piano kabla hajawa mwimbaji. Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, akakulia Chicago, baba yake mchungaji na mama yake mpiga kinanda wa kanisani aliyemfundisha kupiga. Mwaka 1937, akiwa Los Angeles, aliunda kundi la watu watatu: piano, gitaa na besi, bila dramu. Wanajazi walimsikiliza kwa makini muda mrefu kabla dunia haijamjua kwa sauti yake. Oscar Peterson, mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa jazi, alijifunza kwake, na baada ya kifo chake alirekodi albamu nzima ya kumuenzi. Kwa hiyo katika mpangilio wangu, albamu inayokuonyesha mikono yake inatangulia ile inayokuonyesha koo lake peke yake.

Ya kwanza: After Midnight (1957)

Kama una pesa ya albamu moja tu, nunua hii.

Ilirekodiwa Agosti na Septemba 1956 mjini Hollywood. Wakati huo Cole alikuwa nyota mkubwa wa kampuni ya Capitol, kiasi kwamba jengo lao jipya la duara lililofunguliwa mwaka huohuo watu walilibandika jina la "nyumba aliyoijenga Nat". Lakini umaarufu ulikuwa umemwondoa kwenye piano. Alisimama mbele ya kipaza sauti, nyuma yake okestra kubwa, basi. Katika albamu hii alirudi kukaa kwenye kiti chake na wapigaji wake wa kawaida: John Collins kwenye gitaa, Charlie Harris kwenye besi, Lee Young kwenye dramu. Kisha wakaalikwa wageni wanne, kila mmoja kwa zamu yake.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye "Sweet Lorraine", wimbo aliokuwa nao tangu ujana, mgeni ni Harry "Sweets" Edison, aliyepata kupiga tarumbeta katika bendi ya Count Basie. Edison ameziba mdomo wa tarumbeta yake, na kila Cole anapomaliza mstari yeye anajibu kwa noti mbili tatu tu, halafu ananyamaza. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Kwenye "Caravan" anayepiga tromboni ni Juan Tizol, na Tizol ndiye aliyeutunga wimbo huo pamoja na Duke Ellington, kwa hiyo unamsikia mwenye mali akiitumia mali yake. "Just You, Just Me" ni saksafoni ya Willie Smith. "When I Grow Too Old to Dream" ni fidla ya Stuff Smith, kavu na yenye makali, mbali kabisa na zile fidla laini zilizozoeleka kwenye nyimbo za mapenzi za Cole.

Sasa tazama mwaka wenyewe. Tarehe 10 Aprili 1956, Cole akiwa anaimba jukwaani mjini Birmingham, Alabama, jimbo alikozaliwa, kundi la wazungu wabaguzi lilimvamia na kumwangusha mbele ya watazamaji. Miezi minne baadaye ndipo alipoingia studio kurekodi nyimbo hizi. Novemba mwaka huohuo alianza kipindi chake cha televisheni kwenye NBC, kikadumu mwaka mmoja na kufungwa kwa kukosa mdhamini wa kitaifa. Makampuni hayakutaka bidhaa zao zihusishwe na mtu mweusi. Yeye alisema wazi kwamba Madison Avenue, yaani mtaa wa watangazaji wa biashara, unaogopa giza. Mimi siwezi kusikiliza wepesi wa vidole vyake kwenye "It's Only a Paper Moon" bila kuikumbuka Aprili ile.

Tafuta toleo liitwalo The Complete After Midnight Sessions, lina nyimbo zilizoachwa nje mwanzoni. Sauti ni mono, yaani ya mkondo mmoja, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ya pili: Love Is the Thing (1957)

Hii ni ya Desemba 1956, miezi michache tu baadaye, lakini utadhani ni mtu mwingine. Piano imewekwa kando. Mpangaji wa ala ni Gordon Jenkins, na Jenkins alipenda fidla nyingi, juu sana, zikipanda taratibu kama ukungu. Albamu ilikaa wiki 8 kileleni mwa chati ya Marekani.

Isikilize kwa ajili ya "Stardust". Hoagy Carmichael aliutoa wimbo huu mwaka 1927 ukiwa wa kupigwa tu, tena kwa kasi. Maneno ya Mitchell Parish yalikuja mwaka 1929. Una utangulizi mrefu unaoyumbayumba kabla ya kufika kwenye sehemu inayojulikana, na waimbaji wengi waliuruka. Cole anauanzia hapohapo, polepole, na anatamka kila neno hadi mwisho wake bila kulibana. Ni hapo utaelewa kwa nini watunzi walipenda kumpa nyimbo zao: maneno yao hayakupotea mdomoni mwake. Kando ya "Stardust" kuna "When I Fall in Love", uliofika nafasi ya 2 Uingereza mwaka 1957 na kurudi tena kwenye chati miaka 30 baadaye, mwaka 1987, mwimbaji akiwa kaburini zamani.

Hii ni albamu yake ya kwanza kutoka kwa stirio, yaani sauti ya mikondo miwili, kushoto na kulia, na kwa upande wa ubora wa sauti ndiyo ninayoisifu kuliko zote. Mwenye vyombo vizuri nyumbani na mfuko unaoruhusu atafute matoleo ya mwaka 2010 ya Analogue Productions, kampuni inayotoa upya rekodi za zamani. Ni ghali, lakini unausikia upumuaji wake kati ya mistari.

Tahadhari: ni nyimbo za polepole mwanzo hadi mwisho. Kama hilo litakuchosha, chukua badala yake Just One of Those Things ya mwaka huohuo, iliyopangwa na Billy May, mtu wa tarumbeta na mdundo. The Very Thought of You ya 1958, pia ya Jenkins, ni nzuri sana ila inafanana mno na hii. Iache kwa awamu nyingine.

Ya tatu: kundi la watatu, miaka ya 1940

Hapa hakuna albamu moja ya kuitaja, kwa sababu nyimbo zilitoka mojamoja kwenye santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika. Kwa mara moja tu katika mwongozo huu nakuruhusu mkusanyo, mradi uandikwe waziwazi kwamba ni rekodi za awali za King Cole Trio.

Visa vya kipindi hiki ndivyo vitamu kuliko vyote. "Straighten Up and Fly Right", wa mwaka 1943, ulitoka kwenye mahubiri ya baba yake. Mzee alikuwa akisimulia juu ya tumbusi aliyewabeba wanyama mgongoni kwa hila, akifika juu anawaangusha ili awale. Tumbili alipopata zamu yake alimviringishia mkia shingoni na kumwambia anyooke aruke vizuri. Cole aliifanya hadithi ile wimbo, na haki zake alikuwa ameziuza kwa dola 50. Wimbo ukavuma nchi nzima, nao wenye haki wakavuna.

Kisha kuna "Nature Boy". Mwaka 1947 Cole akiwa anatumbuiza Los Angeles, alifika mtu mwenye nywele ndefu na ndevu, kavaa ndala, akaacha karatasi ya wimbo mlango wa nyuma wa ukumbi. Alijiita eden ahbez, kwa herufi ndogo, kwani aliamini herufi kubwa ni za Mungu. Alikula matunda na mboga mbichi na kulala nje. Cole aliupenda wimbo, lakini ili kuutoa ilibidi mwenyewe asakwe kwanza atoe ruhusa. Ulipotoka mwaka 1948 ulikaa kileleni wiki 8, na tangu hapo Cole hakuwa tena mpiga piano anayeimba kidogo. Mtunzi wa wimbo wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, Herman Yablokoff, alidai kwamba melodia ilikuwa yake, na mambo yakamalizwa kwa malipo nje ya mahakama. Zingatia kwamba rekodi hii ina fidla, si ya watatu tu, kwa hiyo baadhi ya mikusanyo ya Trio haina.

Lipo sanduku la CD 18 la Mosaic Records la mwaka 1991 lenye rekodi zote za kundi hili kwa Capitol. Halichapishwi tena na wanaoliuza wanajua thamani yake. Ni la mtu aliyekwisha kunaswa.

Zinazofuata

Nat King Cole Sings/George Shearing Plays (1962) naipa nafasi ya nne. Shearing alikuwa mpiga piano wa London, kipofu tangu kuzaliwa, na Cole alimwachia piano yote. Mpiga piano wa kiwango chake kukubali kukaa pembeni na kuimba juu ya mikono ya mwingine si jambo dogo. "Let There Be Love" unatosha kukushawishi.

Ya tano ni Cole Español, iliyorekodiwa Havana mwaka 1958. Cole hakujua Kihispania. Alikariri matamshi, na anayeijua lugha atamsikia akiteleza hapa na pale. Kwetu sisi tuliolelewa na rumba ya Kongo na muziki wa dansi, albamu hii ina mvuto wa pekee. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV ziliuzwa Afrika tangu miaka ya 1930 na wanamuziki wetu walijifunza mengi kwazo, kwa hiyo "El Bodeguero", cha-cha-cha ya Richard Egües wa Orquesta Aragón, inaingia masikioni bila kubisha hodi. Alifuatisha albamu mbili nyingine za namna hii. Anza na hii, na ukitosheka nayo usijisumbue na hizo.

L-O-V-E (1965) naiweka ya sita. Aliikamilisha San Francisco mwanzoni mwa Desemba 1964, tayari mgonjwa. Saratani ya mapafu ilimuua tarehe 15 Februari 1965, akiwa na miaka 45. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Albamu yenyewe ni ya furaha, ila nyimbo hazilingani ubora.

Ya kuwa macho nayo

Mwaka 1961 Cole alirudia nyimbo zake nyingi maarufu kwa stirio, zikatoka kama The Nat King Cole Story. Ni kazi safi, na ni "Unforgettable" ya hapo iliyotumika mwaka 1991 Natalie Cole alipoimba na marehemu baba yake. Shida ni kwamba mikusanyo mingi huzitumia rekodi hizi bila kusema, na mnunuzi anadhani amepata ile ya 1951 iliyopangwa na Nelson Riddle. Ukiona wimbo wa miaka ya 1940 umeandikwa stirio, uliza maswali.

Kwenye santuri za mitumba, neno "Duophonic" juu ya jalada lina maana kwamba mono imechezewa ili isikike kama stirio. Iache. Itoe santuri kwenye jalada, iinamishe chini ya mwanga, upitishe ukucha taratibu juu ya mkwaruzo: ukikwama, na sindano itaruka. Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi muuzaji atakuwekea usikilize kabla ya kulipa. Mahali pasipofanya hivyo, punguza bei unayotaja.

Kuhusu CD za bei ya chee zenye albamu nne au tano kwa pamoja: rekodi zilizotoka kabla ya 1963 hazina tena ulinzi wa hakimiliki Ulaya, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapa, hata kwa kunakili kutoka santuri kuukuu. Nyingine ni nzuri, nyingi sauti yake ni butu. Lipa zaidi kidogo upate ya Capitol.

Na kwa wanaonunua kwa ajili ya Krismasi: "The Christmas Song" aliurekodi mara nne, mara mbili mwaka 1946, kisha 1953 na 1961, na huo wa 1961 ndio unaosikika redioni kila Desemba. Ukikuta santuri ya The Magic of Christmas ya 1960 usiichukue kwa ajili yake, wimbo huo haumo. Uliingizwa albamu ilipotolewa upya mwaka 1963 kwa jina la The Christmas Song, na hiyo ndiyo ya kutafuta.