Kulala kwa mkulima, kijiji cha jirani na Anand, Gujarat, India: nyota 4

Siku mbili kwenye kitanda cha kamba, kama cha bibi yangu kule Tanga. Mgongo bado unanidai. Ila chakula! Mkate wa uwele umetoka motoni sasa hivi, siagi ya nyati wa kufugwa inayeyukia juu, pembeni kipande cha sukari guru. Saa 12 asubuhi nilimfuata mama mwenye nyumba kwenye kituo cha maziwa cha ushirika, ule ulioandikishwa mwaka 1946 na kuzaa Amul, chapa kubwa ya maziwa ya India. Maziwa yake yakapimwa mafuta palepale, maana bei inafuata mafuta, akapewa karatasi yake. Sisi kwetu tunapima kwa macho. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya choo: mlango haufungi, inabidi uimbe wajue umo.