Samoni wa friza za Arusha: nyama nzuri, lebo bubu

Nyama tunaipa alama nne kati ya tano, lebo alama mbili. Samoni wa Atlantiki anayefika madukani karibu wote ni wa kufugwa kwenye vizimba vya baharini, na Norwei ndiyo inayoongoza duniani. Mistari mipana ya mafuta kati ya nyama inaonyesha ufugaji. Rangi ya chungwa hutokana na astazanthini, kiini cha rangi kilichomo kwenye chakula chake.

Kagua pakiti kwanza. Chembe nyingi za barafu ndani na kingo zilizopauka huweza kuwa dalili kwamba minofu imekaa mno kwenye friza au imeyeyuka ikagandishwa tena, jambo rahisi kutokea umeme ukikatika. Nyumbani, itoe kwenye plastiki iliyobana, iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, kisha ikaushe vizuri. Anza na upande wa ngozi, moto wa wastani. Ukitoka utando mweupe mwingi, moto ni mkali mno. Ni protini inayokamuliwa.

Neno "Norwei" kwenye lebo halisemi lolote kuhusu bahari iliyozunguka kizimba, na hapo ndipo pagumu. Sheria ya huko inaruhusu samaki 200,000 kwa kizimba, wasiozidi kilo 25 kwa mita ya ujazo, na eneo lipumzishwe angalau miezi miwili kila baada ya mavuno. Sababu ya kulipumzisha iko kwenye sakafu ya bahari: mabaki ya chakula na kinyesi hutuama, oksijeni kwenye tope huisha, viumbe wa aina nyingi hutoweka, wakabaki minyoo wachache wastahimilivu wakizaliana kupindukia. Kwenye kina kirefu na mkondo mzuri, uchafu husambaa na madhara hupungua. Nyavu nazo huota mwani na kome, maji yakapita kwa shida. Dawa ya shaba inayozuia hilo ni sumu kwa viumbe wadogo.

Usidanganyike na picha za makundi ya samaki chini ya vizimba. Sei, samaki wa asili wa huko, hufuata punje za chakula tu. Ni mkusanyiko, hauthibitishi kwamba bahari imestawi. Chawa wa samoni, vimelea wanaozaliana vizimbani, nao huwavamia samoni wachanga wa asili wanaopita karibu.

Kwa hiyo tafuta alama ya ASC (Aquaculture Stewardship Council, shirika la kimataifa la viwango vya ufugaji wa samaki), ambayo hudai ukaguzi wa sakafu ya bahari, chawa na samaki wanaotoroka. Duka likikata na kufunga upya kwenye trei, alama hupotea. Omba kuonyeshwa boksi lenyewe.