Uzoefu wangu: likizo ya kiangazi ya kujiandaa na AP World History, ya kulipia na ya bure

Nianze na jibu kwa wenye haraka: tuisheni ya kulipia hatukuihitaji. Vya bure vilitosha, na kilichomsaidia binti yangu kuliko vyote ni kuandika, wala si kusoma. Wenye muda, kaeni niwaeleze.

Tunaishi pembezoni mwa Houston. Binti yangu aliingia darasa la kumi akiwa amechagua AP World History: Modern, kozi ya historia ya dunia yenye kiwango cha chuo (AP ni kifupi cha Advanced Placement) inayosimamiwa na College Board, taasisi ya Marekani inayotunga mtaala na mitihani ya AP. Mtihani wake hufanyika Mei na hupimwa kwa alama 1 hadi 5. Ukipata 3 na kuendelea, vyuo vikuu vya serikali hapa Texas kwa kawaida vinakupa krediti, maana yake kuna somo moja la chuo umeshalimaliza kabla hujakanyaga huko. Kwa sisi tunaotegemea kulipa ada kwa shifti za usiku, hilo si jambo dogo. Shule zilipofungwa tu mwishoni mwa Mei, makundi ya WhatsApp ya wazazi yakaanza kuchemka: fulani kampeleka mwanawe kambi ya masomo, fulani kamlipia mwalimu binafsi, na wewe je?

Tukalipia. Ilikuwa tuisheni ya mtandaoni, dola mia kadhaa, jioni kwa Zoom, watoto wengi mpaka sura haziishi kwenye skrini. Mwalimu hakuwa mbaya wa maneno, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusoma slaidi ambazo watoto walishatumiwa asubuhi. Na wiki ya kwanza yote iliishia Mesopotamia, Misri ya mafarao na Roma. Nikamuuliza binti, "Hivi haya yamo kwenye mtihani?" Akafungua mwongozo wa kozi, ule ambao College Board wameuweka bure kwa kila mtu, akanionyesha. Hayamo. Kozi inaanzia karibu mwaka 1200 na kuja hadi leo. Tuliandika barua pepe kuulizia, tukajibiwa kwamba mada zinafuata "utaratibu wa taasisi". Mwisho wa yote walituma cheti chenye nembo ya dhahabu. Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya kile cheti, maana bibi yake amekipenda.

Hilo suala la mwaka 1200 linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu wazazi wengi bado wananunua vitabu vya mitumba bila kuangalia. Zamani kozi hii ilianzia maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Mwaka 2018 College Board walitangaza kwamba wataikata ianzie 1450. Walimu na wanafunzi wakapinga: ukianzia 1450, Afrika, Asia na Amerika zinaingia darasani karibu sawa na Wazungu wanapozifikia. Baada ya vuta nikuvute wakarudi nyuma hadi 1200, na mtaala huo ukaanza kutumika mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020. Kwa mtu wa pwani kama mimi, miaka hiyo 250 si kitu cha kupuuza. Bila hiyo, Kilwa ya enzi zake ingepotea kabisa, na sisi tungeingia kwenye historia ya dunia tukiwa tumesimama ufukweni kumpokea Vasco da Gama mwaka 1498. Kwa hiyo kitabu chochote kilichochapwa kabla ya 2019, hata ukipewa bure na jirani, kiwe cha kusomea kwa raha tu.

Tulipoachana na tuisheni tukahamia Khan Academy, tovuti ya kujifunzia masomo. Ni bure, kozi imepangwa kwa mada zilezile tisa za mtaala, na kila mada ina maandishi, video na maswali ya kuchagua. Binti alikuwa anafanya asubuhi kabla jua halijawa kali, au tunakwenda maktaba ya mtaa ambako kiyoyozi ni cha kodi zetu. Kwa kupata picha ya jumla, nyota tano. Jioni, akiwa amechoka kusoma, alikuwa anaangalia chaneli ya YouTube ya Heimler's History, jamaa anayefundisha mada moja kwa dakika chache akitupia vichekesho. Mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama na mwiko mkononi nikisikiliza habari za Wamongolia walivyoiteka Baghdad mwaka 1258.

Hapa niseme jambo ambalo sikuona mtu akilisema. Mada tisa hazina uzito sawa kwenye mtihani. Mbili za mwanzo na tatu za mwisho zina asilimia 8 hadi 10 kila moja. Nne za katikati, yaani dola kubwa za nchi kavu, safari za baharini baada ya 1450, mapinduzi, na athari za viwanda, zina asilimia 12 hadi 15 kila moja. Sasa watoto wanaojisomea wenyewe likizo huanzia ukurasa wa kwanza, wanawajua Wamongolia mpaka majina ya farasi, halafu Agosti inawakuta hawajafika hata 1750. Sisi tuliamua zile za katikati ziwe ndiyo kazi ya Julai, na nyingine apitie juu juu.

Na hizo za katikati ndizo zilizompa binti yangu hamu. Siku moja tunakula ugali, akaniuliza kama najua mahindi yametoka wapi. Nikamwambia yametoka Tanga, kwa babu yake. Akacheka, akanieleza kwamba mahindi na muhogo vyote asili yake ni Amerika, vikavushwa baharini baada ya safari za Columbus, na huku kwetu vikaletwa enzi za Wareno. Kwa hiyo chakula ninachokiita cha asili ni mgeni wa miaka mia chache. Baada ya hapo kila kitu mezani kilikuwa na kesi ya kujibu. Pilipili: Amerika. Nyanya: Amerika. Karafuu kwenye pilau: zilitoka visiwa vya Maluku, zikapandwa Zanzibar karne ya 19, na zikachumwa na watumwa. Hapo tukanyamaza kidogo, kisha tukaendelea kula.

Lakini kujua si kufaulu, na hapa ndipo nataka wazazi wenzangu mnisikilize. Mtihani ni saa 3 na dakika 15. Maswali ya kuchagua ni 55, nayo yana asilimia 40 tu. Asilimia 60 iliyobaki ni kuandika: majibu mafupi asilimia 20, insha ya nyaraka asilimia 25, na insha ndefu asilimia 15. Mtoto anayetumia likizo yake nzima kubofya maswali ya kuchagua anajiandalia nusu ndogo ya mtihani.

Hiyo insha ya nyaraka ndiyo inayowatoa watoto jasho. Wanapewa nyaraka saba, saa nzima pamoja na muda wa kusoma, na alama ni saba. Kuna alama ya hoja kuu, alama ya muktadha, alama mbili za kutumia nyaraka zisizopungua nne kutetea hoja, alama moja ya ushahidi kutoka nje ya nyaraka, alama moja ya kumhoji mwandishi katika nyaraka angalau mbili, na moja ya uchambuzi wa kina. College Board wanaweka pasti pepa za insha kwenye tovuti yao, bure, pamoja na mwongozo wa usahihishaji na insha halisi za wanafunzi zikionyesha aliyepata ngapi na kwa nini. Sijui kwa nini watu wanalipia kitu kingine. Kwangu hii ndiyo bidhaa bora kuliko zote nilizozitaja, na ukurasa wenyewe ni mkavu, hauna hata picha.

Tulivyofanya: mara moja kwa wiki anaandika insha moja kwa saa, kisha anaisahihisha mwenyewe kwa ule mwongozo, halafu ananisomea kwa sauti. Mimi sikusoma historia zaidi ya sekondari, lakini huhitaji digrii kusikia kama mtu ana hoja au anazungukazunguka. Insha zake za kwanza zilikuwa muhtasari: waraka wa kwanza unasema hivi, wa pili unasema vile. Alama mbili, tatu. Kilichomgeuza ni hilo la kumhoji mwandishi, na lilimwingia siku tuliyojitungia zoezi letu kuhusu pwani ya Waswahili.

Tulichukua maelezo ya Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mombasa anasema watu wanakula ndizi na samaki, na ni wacha Mungu. Kilwa anausifu mji, halafu anamsifu mno sultani wake, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Binti akaandika: "Ibn Battuta anathibitisha kwamba sultani alikuwa mkarimu." Nikamwambia, "Mwanangu, mgeni aliyelala kwa mtu na kupewa zawadi atasema nini?" Akakaa kimya. Akaenda kutafuta Ibn Battuta alikuwa nani. Akarudi na haya: mwanasheria wa Kiislamu, aliyezunguka dunia akipokelewa na masultani na kuishi kwa hisani zao, na safari zake zikaja kuandikwa Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa amri ya sultani wa huko. Akasema, "Kwa hiyo akimsifu sultani wa Kilwa kwa kutoa, na huyu wa Morocco anasikia." Hapo ndipo nilipojua ameshika.

Kisha tukaweka pembeni habari za Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakaiteka, wakaenda kuichoma Mombasa. Nao wanaeleza nyumba za mawe na utajiri wa mji, lakini macho yao yanatazama vya kubeba. Mmoja mgeni, mwingine mvamizi, na wote wawili wanakubali mji ulikuwa tajiri. Aya aliyoandika kutokana na hilo ilikuwa bora kuliko zote za Juni zikijumlishwa.

Ushahidi wa nje nao ulikuja kwa njia ambayo hakuna tuisheni ingeiuza. Kwenye mada ya nane, ya Vita Baridi na nchi kupata uhuru, mwongozo wa kozi unamtaja Nyerere kama mfano wa serikali iliyoshika uchumi mkononi. Mstari mmoja tu. Akampigia babu yake Tanga, na babu hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa, nani alihama kwa hiari na nani alihamishwa, duka la ushirika lililokuwa na sabuni leo na kesho halina. Babu anampenda Mwalimu na analalamika kuhusu ujamaa katika sentensi moja, na binti alijifunza kwamba hilo linawezekana. Wenye wazee hai, hasa mliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, tumieni hii kwa uangalifu: kuna mambo ambayo mzee hataki kuyafukua ili mjukuu apate alama.

Kasoro za njia yetu zipo. Kiingereza cha nyaraka za karne ya 16 hadi 19 ni kigumu, na mzazi kama mimi hawezi kusaidia sana. Mtunza maktaba alituokoa zaidi ya mara moja. Pia bila mwalimu, mtoto anajihurumia akijisahihisha. Suluhisho letu lilikuwa kubadilishana insha na rafiki yake wa kanisani, ambaye hakuwa na huruma hata kidogo. Na kuna wiki ya Julai ambayo hakufanya lolote, alilala na kuangalia tamthilia. Sikumgusa. Likizo ni likizo.

Jambo dogo lililotufaa: mtihani siku hizi unafanywa kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook. Ipakueni mapema, mtoto azoee kusoma nyaraka saba kwenye skrini na kuandika kwa kibodi huku saa inahesabu. Binti wangu anaandika haraka kwa mkono lakini kwa kibodi alikuwa anatafuta herufi kama kuku anayedonoa, na hilo tulilirekebisha kabla shule haijafunguliwa.

Matokeo yalitoka Julai iliyofuata: 4. Alitaka 5, akanuna siku nzima. Mwenzake aliyemaliza ile tuisheni yote amepata 3, ingawa sitasema tuisheni ndiyo iliyomshusha, kijana mwenyewe alikuwa anacheza mpira kila jioni.

Kwa mnaoanza Juni hii: ada ya mtihani ni karibu dola 100, na familia zenye kipato cha chini hupunguziwa, lakini lazima uulize kwa mshauri wa shule, hawakufuati nyumbani. Usajili wa mtihani hufanyika vuli, na mwisho wake kwa kawaida ni katikati ya Novemba. Kuichukua kozi hakumsajili mtoto kwenye mtihani moja kwa moja, kwa hiyo mwulizeni mshauri huyohuyo jambo hilo siku hiyohiyo.